Vijana wenye vichwa wanaikimbia Kusini, na nchi pia. Tuwazuie kwa mshahara, kwa mkataba, au tuwaache waende?

#1 Kuchele01
Wakuu, kwema? Naleta hoja, anayepinga apinge kwa hoja. Darasa letu la PCM hapa Mtwara, wale waliokuwa wanatufundisha hesabu usiku wa prepo, hakuna hata mmoja aliyebaki mkoani. Wawili wako Dar, mmoja Botswana, mmoja Ujerumani, na mwingine yuko Oman anafunga viyoyozi. Huyo wa viyoyozi ndiye aliyekuwa anaongoza darasa. Tuliobaki ni sisi tuliokuwa tunakopi.

Nasema hivi: serikali ikitaka wasiondoke iongeze mshahara, basi. Semina za uzalendo haziwekwi chunguni. Nabisha na yeyote.

#2 Mla_Mingoko
Nimewahi siti ya mbele. Ila mkuu, umeshajitangaza ulikuwa unakopi. Hii hoja nayo umeikopi kwa nani?

#3 Nesi_Mwambao
Kuchele01, nusu nakubali, nusu nakataa.

Mimi ni muuguzi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja juu kwenye nyanda za Makonde, upande wa Newala. Wenyeji mnajua hali: mto hakuna, maji ni ya bomba siku yakitoka, au ya mvua iliyovunwa kwenye tangi lililochimbiwa uani. Kiangazi tangi likikauka unanunua kwa ndoo. Mshahara wangu ulikuwa sawasawa na wa mwenzangu tuliyemaliza naye chuo akapangwa Dar, maana ngazi ya mshahara ni moja nchi nzima. Yeye anafungua koki, mimi nahesabu ndoo. Mama akiletwa usiku na uchungu, kwanza natafuta maji, halafu ndiyo natafuta glovu.

Hilo nililivumilia. Kilichonitoa ni kingine. Mume wangu ni mwalimu, yuko Pwani. Tukaomba ahamishiwe huku, hata Masasi, hata Nanyumbu. Barua ikapanda, ikashuka, ikapotea, ikaandikwa upya. Nikaacha kazi. Sasa niko hospitali binafsi Dar na nalipwa PUNGUFU ya nilichokuwa napata serikalini. Kwa hiyo hiyo "mshahara, basi" yako mimi hainiingii.

#4 Bwana_Takwimu
Nyongeza ya mshahara imeshajaribiwa na majirani zetu, tusibishane hewani. Malawi walikuwa wanakimbiwa na wauguzi kwenda Uingereza. Mpango ulioanza 2004 ukawawekea watumishi wa afya nyongeza ya asilimia 52, hela za wafadhili. Wanaoondoka wakapungua sana, na kila anayetetea mshahara huwa anautoa mfano huo.

Ila kuna kipande kinarukwa. Miaka hiyohiyo Uingereza nayo ilibana: 2006 iliwaondoa wauguzi wa kawaida kwenye orodha ya kazi zenye uhaba. Sasa waliobaki walizuiwa na asilimia 52 au na mlango uliofungwa upande wa pili? Kila upande unajinyakulia sifa.

#5 Mzee_wa_Mikindani
Wanangu, mmedekezwa. Enzi zetu ukimaliza Mlimani serikali inakupangia, unapewa barua yako, unakwenda. Hakuna wa kuuliza maji wala mume yuko wapi. Mnamo 1967 vijana wa chuo waligomea JKT, Mwalimu Nyerere akawafukuza kama mia mbili hivi, nchi ikatulia. Hiyo ndiyo dawa.

#6 Mshika_Daftari
Shikamoo mzee. Ilikuwa Oktoba 1966, na waliofukuzwa walikuwa 393. Tena umeruka kipande kitamu: siku ileile Mwalimu alitangaza kujikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakakatwa. Leo hii tafuta kiongozi wa kukata posho yake ya kikao, nakusubiri hapa.

Na kilichowauma vijana wale hakikuwa kwata peke yake. Utaratibu ulitaka baada ya kambi wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Kwa hiyo hata enzi zenu mzee, hela iliulizwa.

#7 Mzee_wa_Mikindani
Marahaba. Mia mbili, mia nne, ilimradi walifukuzwa.

#8 Mla_Mingoko
😂😂 Mzee hana deni.

#9 FundiBomba
Naona mnaongea madaktari na walimu tu, sisi mafundi hatuna vichwa?

Mimi ni mchomeleaji. Nilisomea VETA hapahapa Mtwara wakati gesi imepamba moto, tukaambiwa jiandaeni, kazi zinakuja. Na zilikuja, sisemi uongo. Lile bomba la Mtwara–Dar lilipokuwa linajengwa, kabla halijazinduliwa Oktoba 2015, mwenye cheti cha 6G hata mama ntilie alikuwa anamwita bosi. Kwa wasiojua: kwenye mtihani wa 6G kipande cha bomba kinafungwa kikiwa kimeinama nyuzi 45, na hakizungushwi. Unayezunguka ni wewe. Unaanza umechuchumaa chini, unapanda nao ubavuni, unamalizia juu mkono umekufa ganzi. Ule mshono wa kwanza wa ndani ukiuharibu, yote uliyoweka juu yake ni kazi bure, maana wanaupiga eksirei. Kikionekana kitundu cha hewa, umefeli.

Sasa niambieni, bomba likishafukiwa linamhitaji mchomeleaji wa nini? Mitambo ya kusafisha gesi pale Madimba inaendeshwa na watu wachache, na kazi yao ni nyingine. Nikarudi Magomeni nachomelea mageti na vitanda. 6G kwenye kitanda cha futi tano kwa sita! Mwisho nikavuka Ruvuma, nikaingia Palma, Msumbiji, kwenye ule mradi wa gesi wa Afungi. Machi 2021 wakaja wale jamaa na bunduki, tukarudi Mtwara na nguo za mwilini. Saa hizi nipo kwenye bomba la mafuta la Hoima–Tanga.

Kwa hiyo msituite watoro. Mradi ukihama na sisi tunahama. Serikali ikitaka kutubakisha ipange miradi ifuatane, huu ukiisha ule unaanza. Siyo miaka miwili wali nyama, miaka kumi mihogo.

#10 Likongo_Yetu
FundiBomba rudi nyumbani kaka, LNG inakuja, ule mradi wa kusindika gesi hapa Likong'o, Lindi.

#11 FundiBomba
Inakuja tangu sijaoa. Sasa mwanangu anasoma.

#12 Likongo_Yetu
😂 Makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma Juni 2022, mi niliangalia kwenye TV. Hapa Lindi watu walishajenga gesti za kupokea wahandisi, zina mashuka mapya na hazina wageni. Kijana wangu alisoma diploma ya mafuta na gesi kwa ajili ya Likong'o, leo anaendesha bodaboda. Mafuta anayo kwenye tangi, gesi bado.

#13 Kuchele01
Poleni, lakini mnanihama. Nesi na FundiBomba ni visa vya mtu mmojammoja. Basi naongeza kipengele: aliyesomeshwa kwa hela ya umma asaini mkataba, miaka mitano hapa nchini ndipo apewe ruhusa ya kwenda anakotaka. Akivunja, alipe yote. Hapo mtasemaje?

#14 Nesi_Mwambao
Hela ya umma ipi, mkuu? Mimi nilisoma kwa mkopo. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, ilikuwa 8 wakaipandisha 2016. Huwezi kunidai mara mbili, mara fedha, mara miguu.

#15 Daktari_Benchi
Kuchele01 heshima yako, ila soma hii taratibu. Nimemaliza udaktari. Nimemaliza intanshipu. Leseni ninayo. Niko nyumbani kwa mama, Chikongola, naangalia simu. Tangazo la ajira likitoka tunaomba wengi mno, wanaitwa wachache, wengine tunasubiri tangazo lijalo. Huo mkataba wako wa miaka mitano nausaini leo hii, nipe kalamu. Wa kuusaini naye yuko wapi?

Mnakumbuka 2017 serikali ilipotangaza kupeleka madaktari 500 Kenya? Jiulizeni hao 500 walikuwa wanatoka wapi. Walikuwa nyumbani kama mimi, na huku kuna vituo vya afya vya vijijini havijawahi kumwona daktari. Hawakukimbia. Walikuwa wamekaa hapahapa hawana kazi. Bahati mahakama ya Kenya ikazuia, na Rais Magufuli akawaajiri wote 500.

#16 Bwana_Takwimu
Siyo wote 500, dokta. 500 ni idadi waliyoiomba Kenya. Waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo, ndio akaagiza waajiriwe, walikuwa 258. Lakini kisa hicho kinaniuma hata kwa 258. Nchi yenye upungufu wa madaktari ilikuwa na madaktari wa kugawa, kwa sababu upungufu unahesabiwa kwa wagonjwa, ajira zinahesabiwa kwa bajeti ya mishahara.

#17 Mshika_Daftari
Nirudi kwa Kuchele01 na mikataba yake. Ujerumani Mashariki walianza kwa kuwabembeleza, wakaja kuwatisha, madaktari na wahandisi bado wakawa wanavukia Magharibi kupitia Berlin. Agosti 1961 wakajenga ukuta. Sasa wewe unataka kuanzia hatua gani?

#18 Kuchele01
Hahaha, hapana, ukuta sina hela ya saruji.

#19 Mla_Mingoko
Mtwara tuna kiwanda cha Dangote mkuu, saruji isiwe kisingizio.

#20 Mshika_Daftari
Kama unataka mfano wa serikali iliyofanya kitu, soma Korea Kusini. 1966 walianzisha taasisi ya utafiti, KIST, wakaenda kuwatafuta wanasayansi wao waliobaki Marekani mmojammoja. Waliorudi walipewa mishahara mikubwa kuliko maprofesa wa vyuo vya nyumbani, nyumba, na maabara yenye vifaa. Maprofesa wa ndani wakanuna. Na mwanzoni waliorudi walikuwa wachache tu. Wengi walikuja kurudi viwanda viliposimama.

#21 Kuchele01
Umeona? MSHAHARA. Asante kwa kunitetea.

#22 Daktari_Benchi
Kasoma neno moja tu kwenye aya nzima.

#23 Masasi_Leeds
Salaam kutoka baridini. Naona nasemwa. Mimi ni mtoto wa Masasi, muuguzi, niko Leeds.

Kwanza, hakuna aliyekuja kunichukua. Tanzania ipo kwenye ile orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo waajiri wa huku wanatakiwa wasiende kuvua watu. Ila orodha hiyo haimzuii mtu kuomba kazi mwenyewe, na mimi niliomba mwenyewe. Pili, hela ninayotuma inasomesha watoto wa dada zangu wawili na imemtibu baba. Wafilipino wanafanya hivi kwa makusudi kabisa, wanasomesha wauguzi wakijua wataondoka, na hela wanazotuma nyumbani zinabeba sehemu kubwa ya uchumi. Kwa nini sisi tuone aibu?

Tatu, kama mnataka turudi, msitufungie. Nikichukua uraia wa huku, wa nyumbani unakufa siku hiyohiyo. Halafu mnauliza kwa nini hatuji kuwekeza.

#24 Nesi_Mwambao
Dada Masasi_Leeds, hongera, kweli kabisa sina wivu. Lakini hela yako imejenga familia yako. Yule mama wa Newala hatumiwi mtu wa kumpokelea mtoto kwa M-Pesa. Na Ufilipino wanazalisha wauguzi kwa idadi kubwa, vyuo vimejaa. Sisi ukiondoka wewe, zamu yako inabebwa na mmoja aliyebaki, na yeye akichoka anaondoka vilevile. Mimi nilikuwa huyo mmoja.

#25 Masasi_Leeds
Nisingeondoka mimi ungeongezewa mwenzako wa tatu? Muulize Daktari_Benchi.

#26 Daktari_Benchi
Msinitumie kama fimbo, nina njaa.

#27 Mama_Salfa
Hamjambo wanangu. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, nimesoma yote mpaka macho yameuma. Nyote mnaongelea walioondoka. Mbona hamuwaulizi waliobaki kwa nini walibaki?

Nawaambia ninachokijua. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya themanini tukaanguka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: bei, watu kuhamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao porini, na ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua. Pale Naliendele walikuwepo watafiti waliokaa na huo ugonjwa miaka na miaka. Wao ndio waliotufikishia salfa ya kupuliza, wakaleta na miche bora. Walikuwa na elimu ya kwenda popote. Walibaki kwa sababu mti wenyewe uko hapa, na mkorosho hauharakishwi. Ukipanda jaribio lako unataka uone linavyozaa. Mtu mwenye kazi anayoiona inakua haondoki hovyo.

#28 Bwana_Takwimu
Mama shikamoo. Ila mkorosho asili yake ni Brazil, na utafiti wa korosho wanafanya Brazil, wanafanya India. Mtaalamu wa korosho ana soko nje kama nesi tu. Kubaki kwao kuna jambo lingine: mradi wao ulikuwa na fedha za muda mrefu. Fedha zikikatika na mti nao hautoshi.

#29 Mama_Salfa
Marahaba baba. Hiyo ya fedha sikatai. Lakini ngoja nimalizie. Binti yangu amesomea sayansi ya chakula, SUA Morogoro. Yuko Dar kiwandani anapima juisi za maembe. Huku kwetu korosho inapakiwa ghafi inakwenda India na Vietnam, ndiko inakobanguliwa, ndiko ajira za mabinti kama yeye ziliko. Vile viwanda vya kubangua vilivyojengwa enzi za Mwalimu, kimoja mimi nilikijua kikiwa na mitambo, sasa ni ghala, tunaegesha magunia kusubiri mnada. Mabibo yanaoza chini ya miti, tunayanywa uraka. Binti akirudi apime nini? Uraka?

#30 Mla_Mingoko
Mama, mimi hiyo kazi ya kupima uraka naiomba rasmi. Uzoefu ninao.

#31 Shangani_Mtandaoni
Nimechelewa. Nauliza swali la kizushi: mimi mnanihesabu wapi? Naandika programu za simu, wateja wangu wako Nairobi na Ulaya. Mwili uko Shangani, jioni naogelea, Jumapili nakula pweza Mikindani. Kodi ya nyumba nalipa hapa, mboga nanunua sokoni hapa. Lakini akili inatumika nje. Nimeondoka au nimebaki?

Na nikiondoka kweli sababu itakuwa umeme. Sisi tunaokalia gesi, kwa miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tunategemea mitambo yetu ya gesi hapahapa, mashine ikiumwa mji mzima giza. Niliwahi kukatikiwa nikiwa kwenye mkutano na mteja, nikarudi hewani kwa simu, nikamkuta keshamalizana na mwingine.

#32 Kuchele01
Wewe umebaki, ila nakuonea wivu wa pweza. Halafu naona humu kila mtu ana ugonjwa wake: maji, mume, umeme, mradi umeisha, ajira hakuna, kiwanda hakuna. Vyote hivyo ukimlipa mtu vizuri anajitatulia. Ana mshahara mkubwa, ananunua tangi, ananunua sola.

#33 Nesi_Mwambao
Na mume ananunua?

#34 Mla_Mingoko
Uzi umefungwa kwa mimi. Siti ya mbele narudisha.

#35 FundiBomba
😂😂😂

#36 Likongo_Yetu
Mjue na barabara nayo inafukuza watu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata njia kule Somanga, tulikaa tumetengwa na Dar, sukari ikapanda bei siku ya pili. Kuna mhandisi mgeni alikuwa amekuja kufanya kazi huku na mkewe mjamzito. Njia ilipofunguka walipanda basi la kwanza, na sofa wameliacha. Nimelinunua mimi, kwa bei ya kutupa.

#37 Mzee_wa_Mikindani
Sisi tulisubiri daraja la Rufiji mpaka 2003 Mkapa alipolifungua. Kabla ya hapo ni kivuko, na masika unalala njiani mpaka unafahamiana na mbu kwa majina. Hatukuacha sofa.

#38 Mshika_Daftari
Mzee, mlikuwa na sofa?

#39 Mwalimu_Liwale
Wadau samahani kutoka nje ya mada kidogo. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu, sekondari ya kata, wilaya ya Liwale. Natafuta wa kubadilishana naye kituo, aliyeko Mtwara Manispaa, Mikindani, hata Nanyamba nitakubali. Shule ina nyumba ya mwalimu, sola ipo, maji ya kisima hayakauki. Mkuu wa shule hana shida. Aliye tayari anifuate inboksi.

#40 Mla_Mingoko
Mwalimu wa FIZIKIA anaomba kutoka Liwale kwenye uzi wa kuzuia watu wasitoke. Moderata, funga mlango haraka.

#41 Kuchele01
Mwalimu, kabla hatujakufunga mkataba, tuambie ukweli, unaondoka kwa sababu ya mshahara?

#42 Mwalimu_Liwale
Hapana mkuu. Mchumba yuko Mikindani.

#43 Nesi_Mwambao
Nilisema mimi.

#44 Hesabu_Ngumu
Mwalimu, mimi nafundisha hesabu na jiografia, niko Nanyamba, kwetu ni Nachingwea, Liwale kwangu ni karibu na nyumbani. Hiyo nyumba ina vyumba vingapi?

#45 Mwalimu_Liwale
Viwili, na jiko la nje. Darini kuna popo, ila siyo wengi. Njoo inboksi.